Seva Yetu Ikae Nyakabuye

Napinga kauli inayorudiwa sana miongoni mwetu, kwamba kazi ya mwanafunzi iko salama ikishapandishwa "winguni". Wingu gani? Hiyo ni kompyuta ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, na njia ya kuifikia si yetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika chini ya Bahari ya Hindi, na intaneti ikayumba katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwemo. Siku kama hiyo insha yako ni salama kabisa huko iliko; wewe tu ndiye huwezi kuisoma.

Nyumbani kwetu Nyakabuye, si mbali na chemchemi za maji moto, kuna kompyuta mpakato kuukuu, kioo kimepasuka. Nimeiwekea Debian, mfumo usiolipiwa, pamoja na Kiwix, programu inayowezesha Wikipedia kusomwa bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili inaenea katika flashi ya kawaida. Jirani anaunganisha simu yake na Wi-Fi ya ruta yetu, anaandika anwani ya kompyuta ile, anasoma. Bando lake haliguswi. Umeme ukikatika, betri inaishikilia kwa muda. (Ruta haina bahati hiyo, itafutiwe betri yake.)

Wapo watakaouliza: mbona watu wa Kigali hawaifikii? Mitandao mingi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, hivyo mtu wa nje hawezi kubisha hodi kwako moja kwa moja. Sioni hasara. Anayeanza asiufungulie ulimwengu mlango kabla hajajua kuufunga: nenosiri refu, masasisho ya mara kwa mara. Hoja ya mwizi na ya moto naikubali, na jibu lake ni nakala ya pili kwenye diski iliyo nyumba nyingine.

Kinachonikera zaidi ni sisi wa Kiswahili. Tangu 2017 lugha hii ni rasmi Rwanda. Kiswahili cha soko la Bugarama, jirani na Burundi na Kongo, tunakirekodi kwa simu, kisha sauti za wazee tunaziacha WhatsApp mpaka simu ipotee. Idara yenye kompyuta tano za zamani stoo tayari ina maktaba ya sauti. Waheshimiwa wahadhiri, nani ana ufunguo wa stoo?