Fizikia ya Ndege kwa Maneno ya Mtoni

Yapo mawazo yaliyokita mizizi miongoni mwetu walimu kwamba Kiswahili chafaa kwa mashairi na barua, lakini mbele ya injini ya ndege hakina budi kunyamaza. Mawazo haya hayana msingi, na wanaoumia kwayo ni wanafunzi wetu.

Tuchukue suala gumu kwa makusudi: hewa ya kando huathiri vipi gesi zinazotoka kwa kasi katika injini ya jeti? Mwanafunzi wa Wenje, aliyekulia ukingoni mwa Mto Tana, anaweza kuanzia kwenye maji. Pampu ya kunyweshea shamba ikimwaga maji kwa nguvu ndani ya kidimbwi kilichotulia, maji hutibuka na kuyavuta yale ya kando. Bomba lilo hilo likielekezwa mtoni kufuata mkondo, mtibuko hupungua, na maji yake husafiri mbali zaidi kabla ya kuchanganyika. Likielekezwa kukata mkondo, maji hayo hupindwa na kuchanganyika upesi.

Gesi za jeti hufuata kanuni iyo hiyo. Kinachozaa visulisuli ndani yake si kasi ya gesi peke yake, bali tofauti ya kasi baina yake na hewa inayoizunguka. Mwaka 1952 James Lighthill, mtaalamu wa hisabati wa Uingereza, alionyesha kwamba kasi ya jeti ikiongezeka maradufu, nguvu ya kelele yake huongezeka takriban mara 256. Ndiyo sababu injini za ndege kubwa za abiria za siku hizi huzivika gesi za moto joho la hewa baridi yenye kasi ndogo zaidi, kelele ikapungua.

Je, ni neno lipi lililotushinda hapa? Mkondo, mtibuko, kisulisuli: yote ni yetu. Istilahi nazo hazikosi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Sidai Kiingereza kifukuzwe darasani, kwani mtihani wa fizikia ungali katika lugha hiyo. Ninachodai ni kwamba mwalimu atangulize maelezo katika lugha anayoielewa mwanafunzi, hata kwa kuazima neno la Kipokomo au la Kiorma, kisha ndipo ampe jina la Kiingereza. Asiyeelewa hukariri tu. Na mwenye kukariri hathubutu kuuliza swali, ilhali sayansi yote ilianza kwa swali.