Kabla ya Kumwita Mtoto Jangili

Kuna neno nililolitamka mbele ya wanafunzi miaka kadhaa iliyopita ambalo hadi leo linanikera moyoni. Nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya hapa Kibomet, kandokando ya mji wa Kitale. Ulikuwa msimu ule wa baada ya mavuno, ambapo mashamba ya mahindi hubaki na mabua matupu na sungura wa porini wakakosa pa kujificha. Wavulana watatu walitoroka masomo ya alasiri, wakachukua mbwa wawili na marungu, wakaingia katika shamba la bwana mmoja mwenye ekari nyingi. Mmoja alifaulu kukimbia. Wawili walikamatwa wakaletwa kwangu pamoja na sungura wao. Nami, kwa hasira ya mwalimu aliyeaibishwa, niliwasimamisha mbele ya gwaride asubuhi iliyofuata nikawaita majangili.

Kesho yake babu ya mmoja wao alifika shuleni. Mzee huyo ni Msengwer, wa jamii ambayo wengi huijua kwa jina la Wacherangany. Nilidhani amekuja kumwombea mjukuu wake msamaha. La hasha!

"Mwalimu," alisema baada ya kusabahiana nami, "mtoto huyu aliingia katika shamba la mtu bila kubisha hodi. Mpe adhabu yake, sina neno. Zamani zetu hata mimi ningetozwa asali kama ningewinda katika msitu wa ukoo mwingine bila kuomba. Lakini nifahamishe jambo moja. Angetaka kuomba ruhusa, angemwomba nani?"

Msomaji mpenzi, mimi niliyekuwa na chaki mkononi kwa miaka mingi sikuwa na jibu. Leo ninalo, nalo si la kufurahisha. Mvulana yule hakuwa na mtu wa kumwomba. Mwenye shamba ana hati ya ardhi, lakini sungura anayekimbia juu ya ardhi hiyo si wake kumtoa ruhusa auawe. Shirika la Wanyamapori nalo halina kibali cha kumpa mtoto wala mzazi wake, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji wa kujifurahisha na inakataza vilevile uwindaji wa kutafuta kitoweo. Ardhi ina mwenyewe, mnyama yuko mikononi mwa serikali, na aliyezaliwa katika ukoo wa wawindaji hana mlango wa kubisha.

Haikuwa hivyo tangu jadi, wala mlango huo haukufungwa kwa watu wote siku moja. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliingia nchi yetu na mwanawe Kermit kwa idhini ya serikali ya kikoloni. Safari yao iliwafikisha katika uwanda wa Uasin Gishu na kwenye mto Nzoia, ule ule ulioipa kaunti yetu jina. Kwa hesabu aliyoitoa Roosevelt mwenyewe, baba na mwana waliua wanyama 512 katika safari nzima. Naam, mia tano na kumi na wawili! Wengi wao walipelekwa katika majumba ya makumbusho ya kwao, na watoto wa huko wakawatazama kama elimu. Sisemi hivyo kwa chuki. Nasema tu kwamba mtu mmoja alipewa karatasi ya kuua mamia ya wanyama kwenye nyanda hizi, hali wenyeji walioishi kwa kuwinda na kurina asali hawakuwa na karatasi yoyote, na wala hawakujua kwamba ingehitajika.

Baada ya karatasi ya kuwinda ilikuja karatasi ya ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kupewa mashamba kwa muda wa miaka 999. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, askari wa Kiingereza waligawiwa mashamba chini ya mpango wa mwaka 1919, na Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizogawanywa. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Nyanda ambazo Wasengwer walizijua kwa majina ya mito na miti zikawa mashamba yenye nambari, nao wakasukumwa juu kwenye misitu ya Cherangany. Upande wa pili wa Kitale, Waogiek wa Mlima Elgon wakabanwa vivyo hivyo kuelekea Chepkitale.

Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ilitoa ripoti yake mwaka 1934. Kuhusu jamii hizi ndogo za wawindaji, ambazo zote zilirundikwa pamoja chini ya jina la kubeza la Wadorobo, Tume ilipendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa na kumezwa humo. Walioandika ripoti ile waliona kwamba mtu asiyelima wala kufuga hana ardhi. Kumbe mwindaji ana ardhi kuliko wengi wetu, kwa maana anaihitaji pana na inambidi aijue mti kwa mti. Kosa lake lilikuwa kutoweka ua.

Tulipopata uhuru mwaka 1963, mashamba ya walowezi yaligeuka kuwa miradi ya makazi, mali ya makampuni ya kununua ardhi, na mashamba ya shirika la serikali la maendeleo ya kilimo. Wengi tunaoishi Kibomet leo tumefika kwa njia hizo, tukiwa tumetoka pande mbalimbali za nchi, na mahindi yetu yamelisha Kenya. Hilo ni jema. Hata hivyo, ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza nani alikuwa hapa kabla ya mlowezi. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Kisha ukaja mwezi Mei wa mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Sababu zilikuwapo, tena nzito. Ndovu na vifaru walikuwa wakiteketezwa kwa ajili ya pembe, na leseni halali zilitumiwa kuficha biashara haramu. Lakini je, wanyama walipona? Watafiti waliochunguza hesabu zilizofanywa kwa ndege juu ya nyika za Kenya kati ya mwaka 1977 na 2016 waligundua kwamba wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Marufuku ilikuwapo muda wote huo. Mashamba, nyua na makazi vilitwaa malisho na njia za wanyama, na mifugo ikaongezeka pale walipokuwa wakila. Ujangili nao haukukoma. Tulimnyang'anya mwindaji mkuki, halafu sote tukaitwaa nyika yenyewe kwa jembe na seng'enge.

Najua mwanafunzi mwerevu ataniuliza: Je, mwalimu, wataka turudi kuwinda? Hapana. Sensa ya mwaka 1979 ilituhesabu milioni 15 na ushei. Ile ya mwaka 2019 ilituhesabu zaidi ya milioni 47. Kila mvulana wa Trans Nzoia akichukua rungu na mbwa, hatabaki sungura hata wa kuchorwa kitabuni. Nimewapeleka wanafunzi katika Mbuga ya Taifa ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 hapa hapa karibu na Kitale, tukapanda juu ya majukwaa ya mbao kumngojea nzohe, yule paa wa kwenye vinamasi mwenye kwato ndefu. Mbuga ile ni mojawapo ya zile ndogo kabisa nchini. Isingelindwa, nzohe wale wangekuwa wamekwisha zamani, na kinamasi chao kingekuwa shamba. Sina ugomvi na ulinzi.

Nina ugomvi na mizani yetu. Kuna mtu anayeingia msituni na bunduki usiku, mwenye mnunuzi anayemngoja mjini na meli inayomngoja bandarini. Kuna mtu mwingine anayetafuta kitoweo cha jioni mahali ambapo babu yake alizikwa. Hata sheria ya mwaka 2013 imewaweka katika vifungu mbalimbali. Ikiwa wanasheria waliweza kutofautisha, inakuwaje sisi walimu tuwape wote wawili jina moja la jangili na kulitundika shingoni mwa mtoto wa miaka kumi na minne?

Aidha, mambo yanabadilika, na ni wajibu wetu kuwafundisha wanafunzi mabadiliko hayo. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa Mau kwa kuwafukuza katika msitu wao. Mahakama ilisema kwamba kuhifadhi mazingira hakuwezi kuwa sababu ya kuwatoa, na kwamba walinyimwa chakula ambacho ardhi ya mababu zao iliwapa. Mwezi Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwapa haki Waogiek wa Chepkitale, ambao ardhi yao ilikuwa imegeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Hizi ni hukumu za kihistoria. Lakini zingatia, msomaji: hukumu ya ardhi si kibali cha kuwinda. Mzee wa Chepkitale aliyeshinda kesi Bungoma bado atashitakiwa akimtega mnyama mbele ya nyumba yake. Ardhi imeonekana, ila swali la babu yule wa Kibomet halijajibiwa.

Majirani wetu wa Tanzania wamejaribu njia nyingine. Mwaka 2011, Wahadza wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi ya zaidi ya hekta 20,000, na jamii hiyo huruhusiwa kuwinda kwa pinde na mishale kwa ajili ya chakula chao. Wanaizunguka ardhi hiyo wenyewe kuilinda, maana wanajua kwamba msitu ukiisha na nyama imekwisha.

Sisi nasi tuliwahi kujaribu, kwa namna yetu. Mwaka 1960, baada ya operesheni kali dhidi ya wawindaji wa ndovu katika nyika ya Tsavo, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Galana, ili Waliangulu, mabingwa wa upinde mkubwa, wapate kunufaika na ndovu kwa njia halali. Usimamizi ukawa wa maofisa, na jamii iliyokusudiwa kunufaika ikabaki kutumwa. Mpango haukumaliza hata muongo ule, na ardhi ikawa ranchi. Funzo lake ni kwamba ruhusa ikitolewa kwa mtu asiye na ardhi wala sauti, huyo amepewa kibarua tu.

Maoni yangu ni haya. Mosi, hukumu za Arusha na Bungoma zitekelezwe, kwa kuwa pasipo ardhi hakuna cha kuzungumzia. Pili, pale jamii inapomiliki ardhi kihalali, sheria iruhusu wazee wa jamii hiyo na maofisa wa wanyamapori kuketi pamoja, kuhesabu wanyama, na kuamua kama kuna walio wengi kiasi cha kuvuliwa kwa mkuki, na kama hakuna, kukubaliana kwamba hakuna. Huenda jibu likawa "hapana" kwa miaka mingi. Lakini "hapana" aliyoisema mtu mwenyewe baada ya kuhesabu huilinda usiku na mchana. Tatu, anayeijua misitu hiyo awe wa kwanza kuajiriwa kuilinda, badala ya kuwa wa kwanza kushukiwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Na nne, kazi iliyo mikononi mwetu sisi walimu. Tunapofundisha uhifadhi wa wanyamapori, tusianze na faini na kifungo. Tuanze na ramani ya kaunti yetu, tuwaonyeshe wanafunzi Cherangany upande wa mashariki na Elgon upande wa magharibi, tuwaulize nani aliishi katikati na alikwenda wapi. Wanafunzi wakaulize nyumbani mababu na nyanya zao majina ya zamani ya mito na vilima. Wengi watashangaa kwamba mahali wanapocheza kandanda palikuwa na mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo alikuwa na kanuni za kuomba ruhusa kabla ya kuwinda zilizokuwa kali kuliko ubao wowote wa onyo uliopigiliwa getini.

Mvulana yule niliyemsimamisha gwarideni sasa ni mtu mzima. Alistahili adhabu kwa kutoroka masomo na kuingia shamba la watu, nayo aliipata. Neno lile hakulistahili. Nililisema mbele ya shule nzima na sikuwahi kulifuta mbele ya yeyote. Ninalifuta leo hapa, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Tena naomba jambo moja. Mwalimu atakayesoma makala haya, muhula ujao awape wanafunzi wake insha yenye swali la mzee yule: "Angetaka kuomba ruhusa, angemwomba nani?" Asiwape jibu. Awaache walitafute wenyewe, kisha azisome insha zao kwa makini, kwani huenda miongoni mwao yumo mbunge au hakimu wa kesho atakayelazimika kulijibu kwa sheria.