Nani kakwambia wameula?

Kwa kinyozi wangu, wakipita wale vijana wawili weupe wenye mashati meupe, tai na kibao cheusi kifuani, ubishi wa Simba na Yanga husimama kidogo. "Wanalipwa madola hao," mmoja atasema. Mwingine, aliyewahi kufanya kazi bandarini na kwa hiyo anajua kila kitu, ataapa kwamba ni majasusi. Kinyozi mwenyewe hana shaka hata chembe. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliingia kanisa hilo akiwa sekondari, akapata wito wa misheni, akapelekwa Ghana. "Dogo kaula," alikuwa akisema huku akipuliza nywele kwenye mashine. "Miaka miwili nje, nyumba bure, chakula bure. Akirudi huyo mtamsalimia kwa miadi."

Kaula. Nimelisikia neno hilo mpaka limenichosha. Sisemi hivi kwa kuwa nina mapenzi na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tunawaita Wamormoni. Mimi ni Mlutheri wa ibada ya kwanza, ile ya kuwahi kurudi nyumbani, na sina mpango wa kuhama. Nasema kwa sababu neno hilo lina mtu linayemuumiza, na huyo mtu nimemwona.

Tuanze na madola. Hawalipwi hao, wanalipa. Kijana wa Marekani anayekwenda misheni huchangia, yeye na wazazi wake, kiasi kilekile kila mwezi awe amepelekwa Tokyo au Temeke. Kwa miaka mingi kilikuwa dola 400, na tangu Julai 2020 ni dola 500. Mvulana hukaa miezi 24, kwa hiyo piga hesabu: dola 12,000, fedha ambayo wengine huanza kuidunduliza tangu wakiwa watoto. Binti hukaa miezi 18. Kijana wa kwetu asiye na uwezo huo hubebwa na mfuko wa kanisa, familia yake ikitoa inachoweza, ila naye hana mshahara. Ana posho ya kula na nauli, basi.

Wala hachagui pa kwenda. Wito hutoka makao makuu, Salt Lake City, jimbo la Utah, na unaufungua kama matokeo ya mtihani. Aliyeota Paris anaweza kujikuta mkoa wa jirani na kwao, kwenye mashamba ya viazi. Na aliyepewa hiyo Paris asipigiwe vigelegele haraka. Mitt Romney, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2012, alikuwa mtoto wa gavana wa Michigan alipopelekwa Ufaransa mwaka 1966. Alikaa miezi 30, kama ilivyokuwa siku hizo, akigonga milango ya watu ambao mvinyo kwao ni chakula, akiwaambia mvinyo ni dhambi, tena akiwa Mmarekani wakati vita ya Vietnam inawaka. Juni 1968 gari alilokuwa akiendesha liligongana uso kwa uso na jingine. Mke wa kiongozi wa misheni yao akafa. Romney alikutwa katika hali ambayo askari aliandika kwenye pasipoti yake kwamba amekufa. Alikuwa na miaka 21. Ukitaka kusema aliula, sema kwa jambo moja tu: wamisionari walicheleweshewa kuitwa jeshini, na wenzake waliokwenda Vietnam hawakuwa na kanisa la kuwaombea ruhusa. Hilo nakubali. Ufaransa yenyewe, hapana.

Na huo ujasusi? Ni kweli mashirika ya Marekani, ya kijasusi yakiwamo, hupenda kuajiri waliorudi misheni, kwa sababu wanajua lugha na hawanywi. Kwa hiyo yule wa bandarini kakosea kwa kutanguliza mwisho. Lakini jasusi gani anatembea na jina lake kifuani, na amekatazwa kuwa peke yake hata dakika tano?

Maana hiyo ndiyo sheria inayonishangaza kuliko zote. Mmisionari hulala chumba kimoja na mwenzake, hula naye, hutembea naye, na hakumchagua. Akikoroma, anakoroma. Akiwa mvivu, uvivu wake ni wako. Ratiba ya kawaida ni kuamka saa 12:30 asubuhi na taa kuzimwa saa 4:30 usiku. Hakuna filamu, hakuna mchumba, hakuna kwenda nyumbani kwa sababu umekumbuka. Mpaka Februari 2019, sauti ya mama aliisikia mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Siku nyingine ilikuwa barua pepe, mara moja kwa wiki. Sasa wanaruhusiwa kupiga simu kila wiki. Huyu ni mtoto wa miaka 18 au 19, ambaye katika machapisho ya Kiswahili ya kanisa lake anaitwa Mzee. Mzee, na ndevu bado hazijajua ziote upande gani.

Wawili wa namna hiyo waliwahi kupanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Jumatatu ndiyo siku yao ya maandalizi, ya kufua na kununua vitu. Jumatatu ya kwanza nilimkuta mmoja uani, beseni miguuni, kipande cha sabuni ya mche mkononi, analigonga shati jeupe kama anayetwanga. Mama mwenye nyumba akamtazama weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, unafua au unakanda unga?"

"Shikamoo, mama. Ninajaribu."

"Marahaba. Anza na kola. Fikicha hivi, usivute."

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka mpaka vinatoa damu kwenye povu. Nilimwuliza kama kwao hawafui. Akasema kwao kuna mashine, unabonyeza. Akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akainamia beseni, na mama mwenye nyumba akanikonyeza niondoke. Huyo ndiye jasusi wetu.

Mama huyohuyo aliwahi kukasirika nao. Aliwapikia chai ya maziwa, iliyokolea tangawizi, wakakataa. Wafuasi wa kanisa hilo hawanywi chai wala kahawa, agizo la tangu mwaka 1833, lakini kwa mama wa Kiswahili chai iliyokataliwa ni mlango uliobamizwa. Siku tatu hakuwasemesha. Baadaye mtu akamweleza kwamba katazo ni la majani ya chai, si la kila kitu cha moto, akaanza kuwachemshia mchaichai mtupu. Wakaumaliza. Ndipo nikajua kwamba sehemu kubwa ya misheni haimo katika Kitabu cha Mormoni. Imo katika kujua nani anakuchemshia nini.

Kuna taabu nyingine ambayo sisi wenyewe tunawatengenezea, na sidhani kama tunaijua. Ulaya, mmisionari akigonga mlango, unafunguliwa, unafungwa, amemaliza. Kwetu akipiga hodi anakaribishwa. Anapewa kigoda. Anaulizwa habari za wazazi. Anamaliza somo lake lote kwa Kiswahili alichojifunza kwa wiki chache, watu wanatikisa vichwa, na akiwaalika kanisani Jumapili wanamjibu kwa moyo mweupe, "Tutakuja, Mungu akipenda." Jumapili anasimama getini tangu saa 2. Mungu hakupenda. Ijumaa inayofuata anawakuta palepale, kigoda kilekile, ukarimu uleule. Mmoja wa wale wawili aliniambia angependa walau mtu mmoja amfukuze, ili ajue amesimama wapi.

Kanisa lenyewe lilihesabu, mwishoni mwa mwaka 2024, wamisionari wa kufundisha zaidi ya 74,000 na waongofu wa mwaka huo zaidi ya 308,000. Gawanya: ni kama waongofu wanne kwa kila mmisionari, kwa mwaka mzima wa kuamka saa 12:30. Wengine huvuna kumi, wengine hurudi mikono mitupu.

Hapa niwageukie na Wamormoni, maana kinyozi wangu si peke yake. Wao wana "kaula" yao, iliyopigwa pasi: husema misheni ni miaka miwili bora ya maisha. Usemi huo umekuwa hata jina la filamu, kuhusu wamisionari wa Kimarekani Uholanzi. Kwa mtu aliyefurahia, ni kweli yake, sina ugomvi naye. Nina ugomvi na kuufanya kipimo. Ukishamwambia kijana kwamba hii ndiyo miaka bora, anapoanza kukosa usingizi mwezi wa nne atamwambia nani? Atadhani kasoro ni yake. Na Utah, ambako aliyemaliza misheni hupokelewa uwanja wa ndege kwa mabango na maputo, anayerudi kabla ya muda hupita mlango uleule bila bango.

Kwa kijana wa nchi maskini mambo ni mazito zaidi, na kanisa lilijua. Mwaka 2001 rais wake wa wakati huo, Gordon B. Hinckley, alitangaza mfuko wa mikopo ya elimu kwa vijana wa nchi kama zetu, na sababu aliyoitoa ni kwamba wengi walikuwa wakirudi kutoka misheni na kutumbukia palepale kwenye ufukara walikotoka. Soma tena. Miaka miwili umevaa tai, umeongoza watu, umelala nyumba yenye maji, halafu unashushwa stendi na begi lako na mtaa mzima unakutazama mkononi. Mfuko ule ulikuwa jambo jema. Lakini haukuwa na dawa ya swali la mtaa: "Umekuja na nini?"

Mpwa wa kinyozi alirudi baada ya miezi tisa.

Usingizi ulimkimbia kule, moyo ukawa unadunda usiku kucha, madaktari wakashauri apumzike nyumbani. Viongozi wake, kwa maelezo yake mwenyewe, walimtendea kwa upole. Ukali aliukuta hapa. Mjomba wake anawaambia wateja kwamba dogo yuko likizo, wakati misheni haina likizo, na wateja wanamwuliza likizo inaisha lini, wanamwomba soda ya Ghana. Siku niliyokwenda kunyoa nilimkuta anafagia nywele, kichwa chini, amevaa suruali nyeusi ya misheni iliyokwisha kupauka magotini. Nikafikiria la kumwambia, nikakosa, nikauliza, "Huko mlikuwa mnakula nini?"

Akasimamisha ufagio. Akanieleza banku, na kenkey inavyofungwa kwenye maganda ya mahindi, na pilipili yao isiyo na huruma. Akanieleza bibi kipofu wa mtaa fulani aliyekuwa anawatambua kwa vishindo vya viatu, waliyemchotea maji kila Alhamisi na hakubatizwa wala hakuahidi. Mashine ya mjomba ilikuwa imezimwa. Sijui ilizimwa saa ngapi. Akasema kule hawapigi hodi. Unasema "agoo", na wa ndani akikukubali anajibu "amee".

"Na asipokukubali?"

"Ananyamaza. Unaondoka."

Wiki iliyofuata, jioni, tulikuwa mezani, mtu akasimama kizingitini. "Agoo!" Mke wangu akageuka, "Nani tena huyo?" Nikajibu kwa sauti kama nilivyofundishwa, nikamwambia aongeze sahani.