Punda Achechemeaye si Mkaidi

Waswahili husema kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hiyo yafaa kupinduliwa, kwani mara nyingi atoaye mateke ni binadamu, na anyamazaye ni punda. Katika kata ya Unyambwa, mkoani Singida, kama katika sehemu nyingi za nyanda kame za katikati ya Tanzania, punda ndiye abebaye madumu ya maji kutoka kisimani na magunia ya mtama na alizeti kutoka shambani. Akianza kuchechemea na kukataa kwenda, aghalabu huitwa mkaidi, naye huchapwa fimbo. Lakini huenda kosa halimo katika tabia yake. Huenda limo chini ya ukwato, nalo ni jipu.

Ukwato umejengwa kwa keratini, ile ile ifanyayo kucha za binadamu na pembe za ng'ombe. Ukuta wake wa nje hauna mishipa ya damu wala ya fahamu, na hukua milimeta chache tu kwa mwezi. Ndani yake mna nyama laini yenye damu na fahamu tele, pamoja na mfupa wa mwisho wa mguu. Mwiba, changarawe au msumari unapopenya kwenye unyayo, au kwenye mstari mweupe uunganishao unyayo na ukuta, bakteria huingia pamoja na uchafu. Mwili hujitetea kwa kupeleka chembe nyeupe za damu, na usaha hutunga. Jipu la begani huvimba kwa sababu ngozi hunyumbuka, lakini ukuta wa ukwato ni mgumu. Usaha huongezeka ndani ya chumba kisichopanuka, kanieneo hupanda, na maumivu hupanda pamoja nacho. Aliyewahi kutunga usaha chini ya ukucha ayajua maumivu hayo. Naye hakulazimishwa kuusimamia ukucha huo huku amebeba madumu 4 ya lita 20, yaani kilo 80 za maji.

Hali ya nchi nayo huchangia. Asili ya punda ni sehemu kavu za Afrika. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba alianza kufugwa barani humu miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Ukwato wake hufyonza maji kwa wepesi kuliko ule wa farasi. Singida hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Katika msimu huo tope na samadi ya zizini huulainisha ukwato, na kiangazi kifuatacho huukausha na kuupasua. Kila ufa ni mlango wa maradhi.

Punda ni mvumilivu, na maumivu yake huonekana yakiwa yamekwisha kuzidi. Kwa hiyo hapana budi dalili zitafutwe mapema: ukwato wenye joto kuliko mingine, mguu ukanyagao kwa ncha tu, au usaha unaotoboa juu, pale nywele zinapokutana na ukwato. Tiba yake ni rahisi kueleza, japo yahitaji mkono uliofunzwa. Mtaalamu wa mifugo husafisha unyayo, hutafuta mahali palipoingiliwa, kisha hufungua kitundu kidogo ili usaha ushuke kwa uzito wake. Baada ya hapo ukwato huchovywa katika maji vuguvugu ya chumvi, hufungwa kwa kitambaa safi, na punda hupumzishwa mahali pakavu. Mara nyingi nafuu hupatikana siku chache baada ya usaha kutoka. Kuuchoma mguu kwa chuma cha moto, desturi ambayo bado ipo sehemu mbalimbali za Afrika ya Mashariki, hakuutoi usaha. Huongeza jeraha la pili juu ya lile la kwanza.

Lipo pia onyo lililohifadhiwa katika lugha yenyewe. Maradhi ya pepopunda yamebeba jina la mnyama huyu, na kwa hakika punda na farasi hudhurika nayo upesi. Bakteria wake hukaa katika udongo na mavi, na hustawi ndani ya jeraha refu lisilofikiwa na hewa, kama lile la msumari ukwatoni. Chanjo ipo, kwa mnyama na kwa mtu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni kazi ya bwana mifugo, wala si ya shule. Hoja hiyo haitoshi. Bwana mifugo mmoja huhudumia kaya nyingi, ilhali mwanafunzi humwona punda wa nyumbani kila siku. Mwanafunzi huyo hujifunza kanieneo katika fizikia na bakteria katika biolojia, kisha hurudi nyumbani na kumchapa fimbo punda mwenye jipu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba somo na mnyama ni jambo moja. Mwalimu wa Unyambwa hahitaji maabara ya gharama kuufundisha ukwato. Ahitaji punda mtulivu, mwenye punda aliye radhi, na mtaalamu wa kuwaongoza.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Februari 2024, huko Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafiki kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Hatua hizo ni njema, lakini punda aliyeokolewa na kisu aweza bado kuangushwa na mwiba. Siku aangukapo, madumu yale hayabaki kisimani: huhamia vichwani mwa akina mama na watoto, na baadhi ya watoto hao ndio wanaotarajiwa darasani asubuhi. Kuukagua ukwato kila jioni ni kazi ya dakika chache. Shule ndiyo iwezayo kuifanya kazi hiyo kuwa desturi.