Arobaini ya Punda

Kipande cha mfupa kilichotoka mguuni mwa punda yule kilikuwa chembamba kama ukucha, kirefu kiasi cha kiungo kimoja cha kidole changu. Daktari alikiweka juu ya kifuniko cha ndoo, akakimwagia maji, nasi sote tukakisogelea: mama mwenye punda, mwanawe aliyeshika hatamu, majirani wawili, na mimi na daftari langu. Kilikuwa kimepauka, hakina hata alama ya damu. "Huu ni mfupa uliokufa," daktari akasema. "Huu ndio uliokikataza kidonda kufunga miezi mitatu yote."

Hapo ni Githongo, Imenti ya Kati, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, mahali ambapo chai iko juu, kahawa iko chini, na kila njia ya ndani ama inapanda ama inateremka. Punda jike huyo aliumia Novemba, msimu wa kahawa, akiteremsha magunia kupeleka kiwandani. Mkokoteni wa kawaida hauna breki. Breki ni kijana anayening'inia nyuma akiburuta visigino. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu umekuwa kama sabuni, visigino vikateleza, mzigo ukamfikia punda kutoka nyuma, na ncha ya chuma cha mkokoteni ikamchana mguu chini ya kifundo. Walimwosha kwa maji ya chumvi, wakampulizia ile dawa ya zambarau ya madukani. Kidonda kikaziba, kikafumuka, kikaziba tena, kikafumuka tena, usaha haukauki.

Chini ya kifundo mguu wa punda, kama wa farasi, hauna nyama. Ni mfupa, kano na ngozi basi. Mfupa wenyewe umevikwa utando mwembamba unaolisha tabaka lake la nje kwa damu. Utando ukichanika na mfupa ukaachwa wazi, tabaka lile hufa. Mwili hukitenga kipande kilichokufa lakini hauna njia ya kukitoa, kwa hiyo hubaki ukikitolea usaha wiki baada ya wiki. Dawa ya kupaka haikifikii. Kinachotakiwa ni kisu. Na kisu hiki hakihitaji jumba kubwa: punda alipigwa sindano ya kumtuliza, akatiwa ganzi mguuni, akafanyiwa upasuaji akiwa amesimama chini ya mparachichi, kichwa kimelala begani mwa kijana.

Niliandika habari hiyo. Ilichapishwa katika jarida hili pamoja na picha ya kifuniko cha ndoo, na wasomaji wengi walituma salamu za pongezi kwa daktari. Habari yangu iliishia pale ngozi iliposhonwa. Nilidhani imekwisha.

Siku ya 12 baada ya upasuaji nilipita Githongo kwa shughuli nyingine nikakutana na punda yule yule barabarani, amefungwa mkokotenini, amebeba mchanga. Bandeji ilikuwa imechukua rangi ya udongo. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika, na kidonda kimefunguka mdomo. Nilimfuata mama nyumbani na, nakiri, nilikwenda na maneno ya lawama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Daktari aliniambia apumzike. Nilimsikia vizuri, mwanangu. Hakuniambia nani atabeba."

Toleo hili zima limetoka katika sentensi hiyo.

Tumezoea kuhesabu matibabu kwa tendo: sindano imepigwa, mguu umepasuliwa, mfupa umetolewa. Hesabu hiyo inamwacha nje mgonjwa mwenyewe, kwa sababu mgonjwa haponi siku ya kisu. Hupona katika siku zinazofuata, na mnyama wa kazi siku hizo anazichukua kutoka kwenye mfuko wa mtu. Nasema waziwazi kwamba mapumziko ya mnyama wa kazi ni dawa, yana gharama kama dawa nyingine yoyote, na daktari au serikali au jarida linaloandika "apumzike" bila kusema gharama hiyo inabebwa na nani limeandika nusu ya dawa.

Watu wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili kuhusu binadamu. Mzazi hukaa arobaini yake. Huletewa uji, hufuliwa nguo, kuni huingia jikoni bila yeye kutoka. Hakuna anayedhani kuwa mkunga akishaondoka basi kazi imekwisha. Aliyetoka hospitalini na plasta mguuni hupewa kadi yenye tarehe ya kurudi, na ndugu huulizana nani atampeleka. Punda yeye hana arobaini. Hata lugha yetu haijamtendea haki: tunasema shukrani ya punda ni mateke, sisi tunaompandisha mlima na magunia kisha tunashangaa akichechemea.

Kwamba siku za baada ya kisu ndizo ngumu, waulize wenye farasi ghali kuliko wote duniani. Mwaka 1975 nchini Marekani farasi jike aitwaye Ruffian alivunjika mguu wa mbele mbioni, akapasuliwa usiku huohuo. Alipozinduka kutoka kwenye nusukaputi alianza kutupa miguu kama bado anakimbia, akaharibu yote yaliyofanywa, akalazwa usingizi wa mwisho. Madaktari walilibeba somo hilo. Mwaka 2006 Barbaro, bingwa wa Kentucky Derby, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia tarehe 20 Mei katika mbio za Preakness mjini Baltimore. Kesho yake, katika hospitali ya wanyama ya New Bolton ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Dk. Dean Richardson na wenzake waliuunga mguu kwa bamba la chuma na skrubu 27, kazi ya zaidi ya saa tano. Kisha wakamning'iniza ndani ya bwawa la maji, juu ya boya lililotengenezwa kwa ajili hiyo, azinduke akielea, apige mateke yake majini asijiumize.

Alizinduka salama. Alikula, alitembezwa. Lakini farasi ana uzito wa kama nusu tani, na mguu mmoja ukiuma ule wa pili hubeba sehemu yake. Julai kwato ya mguu wa kushoto, ule ambao haukuvunjika, ilishindwa: tabaka linaloishika kwato kwenye mfupa liliwaka na kuachia, ikabidi sehemu kubwa ya kwato ikatwe. Alikaa miezi minane chini ya macho ya watu usiku na mchana, na tarehe 29 Januari 2007 wenyewe na daktari wakakubaliana asiteseke zaidi. Kilichomshinda farasi yule hakikuwa upasuaji. Ni kusimama.

Punda ni mwepesi kuliko farasi, na hilo ni heri yake. Lakini ana mitego yake. Kwanza, haoneshi maumivu. Farasi huhangaika, hutoka jasho, hugeuza kichwa kutazama panapouma. Punda husimama kimya, na mwenye haraka husema hajambo. Pili, dawa ya maumivu ya farasi huisha haraka mwilini mwake, kwa hiyo anayempimia kama farasi mdogo humwacha na maumivu nusu ya siku. Tatu, na hili ndilo lililonigusa kuliko yote nilipokuwa nikiandaa toleo hili, punda ana rafiki. Wawili walioishi pamoja wakitenganishwa, mgonjwa huweza kususa chakula, na punda akisusa chakula mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu mpaka ini na figo zikashindwa. Punda mwenye kidonda kidogo anaweza kufa kwa upweke. Ndiyo maana wataalamu wa punda humleta mgonjwa pamoja na mwenzake, wakawafunga pamoja.

Kule Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, hospitali ya punda imekuwako tangu 1987. Matibabu ni bure, na mgonjwa akihitaji kulazwa hulazwa. Kulazwa maana yake ni kwamba kwa siku hizo hakuna anayeweza kumtia shogi mgongoni, hata kama tajiri wake ana haja ya mchanga. Ukuta wa hospitali humlinda na kazi. Milimani kwetu hakuna ukuta kama huo, na hospitali kubwa ya mafunzo ya madaktari wa mifugo iko Kabete, zaidi ya kilomita 200. Mnyama wa Githongo atapona palepale anapofanyia kazi, kwenye boma lilelile lenye mkokoteni umeegemezwa ukutani.

Nyuma ya haya kuna kivuli cha ngozi. Tangu 2016 machinjio ya punda yalipoanza kazi kwa ajili ya soko la China, ambako ngozi huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao, hesabu ya mwenye punda mgonjwa iligeuka. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya KALRO ya mwaka 2019 ilionesha kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa nchini kati ya 2016 na 2018. Februari 2020 waziri wa kilimo Peter Munya, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Meru, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Mengi yameandikwa kuhusu wizi na bei. Mimi naona jambo jingine lililosemwa kidogo: ngozi ya punda kiwete ni sawa na ngozi ya punda mzima. Soko la namna hiyo humwambia mama wa Githongo kwamba siku 40 za kumngoja mgonjwa ni hasara tupu, na kumuuza leo ni faida. Tukitaka asiuze, tumsaidie kungoja.

Sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani anayemfanyisha kazi mnyama aliyeumia kiasi cha kutoifaa kazi hiyo. Ni sheria njema, na wapo wanaostahili kuionja, wale wanaochapa mnyama aliyelala chini kwa uchovu. Lakini ningemshitaki mama yule ningekuwa nimemnyang'anya mtoto karo na punda asingepona hata siku moja mapema. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti ufugaji na ustawi wa wanyama. Basi naziomba kaunti za Meru na Embu zianze na jambo dogo. Bei ya upasuaji wa mnyama wa kazi itajwe pamoja na ziara zote za kubadilisha bandeji mpaka kidonda kifunge, ilipwe mara moja, isiwe kila ziara ina nauli yake ya pikipiki ya kujadiliwa upya. Mwenye mnyama akishalipia ziara tano hataziacha zipotee, na daktari aliyelipwa hana kisingizio cha kutorudi.

La pili haliihitaji kaunti. Vyama vya ushirika vya maziwa vimewazoesha wafugaji kuchukua chakula cha ng'ombe na huduma ya kupandisha, wakakatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya mwezi. Sioni kwa nini siku za punda zisiingie humo. Punda ndiye anayebeba nepia inayozaa maziwa hayo, na mbolea, na mikungu ya ndizi siku ya soko. Ushirika ukimkopesha mwanachama wiki sita za kukodi usafiri, unalinda maziwa yake wenyewe.

Kurasa zinazofuata zinakwenda mbali zaidi yangu. Utasoma namna ya kufunga bandeji ya mguu isiyobana wala kuteleza, kwa pamba na kitambaa unachoweza kukipata Nkubu au Runyenjes. Utasoma kuhusu pepopunda, ugonjwa ambao hata jina lake limebeba mnyama huyu, na kwa nini kila jeraha la kwato lianze na chanjo. Kuna makala ndefu kuhusu kwato za punda wa Mbeere wanaokwenda mbali kutafuta maji, na barua tatu za wasomaji walionikosoa kwa haki kabisa kuhusu ile habari ya kifuniko cha ndoo.

Kuhusu mama wa Githongo: chama chake cha wanawake kilikaa Jumapili baada ya ibada, zamu yake ya kupokea pesa ikaletwa mbele miezi miwili, na jirani mwenye punda dume akakubali kumbebea asubuhi mbili kwa wiki. Dume lenyewe lilikuwa likifungwa usiku karibu na mgonjwa. Daktari alirudi, akaosha, akashona upya, na mama akaanza kuhesabu kutoka mwanzo kwa mistari ya makaa kwenye ubao wa mlango wa banda. Nilipokwenda mara ya mwisho mistari ilikuwa 41. Pale palipokuwa kidonda kuna mstari wa ngozi isiyo na manyoya, mweusi, mkavu. Daktari aliubonyeza kwa kidole gumba, akamtembeza punda kwenda na kurudi mara tatu, akainama kusikiliza mlio wa kwato kwenye mawe.

"Jumatatu aanze," akasema. "Nusu mzigo."

"Nusu," mama akaitikia, akamtazama mwanawe ili naye asikie.

Kijana alikuwa amechutama nyuma ya mkokoteni. Fundi wa kulehemu wa pale sokoni alikuwa amemtengenezea mkono wa chuma wenye kipande cha tairi kuukuu mwishoni, unaokandamiza gurudumu ukivutwa. Aliuvuta, akasukuma mkokoteni kwa bega. Gurudumu halikuzunguka. Akauachia, akauvuta tena.