"Kawia Ufike" Haikuandikiwa Mashirika ya Ndege

Ndege ikichelewa, hakosekani abiria wa kuwatuliza wenzake: "Jamani, kawia ufike. Afadhali tuchelewe kuliko tuanguke." Watu hutikisa vichwa kukubali, aliyekuwa anahoji hunywea, na mhudumu wa kaunta hushusha pumzi. Methali yenyewe haina kosa. Kosa ni kuigeuza kufuli la midomo ya watu waliolipa nauli.

Nani amewahi kuomba ndege iruke na injini mbovu? Anayeikabili kaunta saa nane usiku anauliza mengine kabisa: tunaondoka saa ngapi, tunakula nini, tunalala wapi, na ndege ya kuunganisha ikituacha itakuwaje? Kumjibu kwa habari za usalama ni kujibu swali ambalo hakuuliza.

Tazama geti la safari ya kuja Afrika Mashariki iliyoahirishwa usiku. Mama katandika khanga sakafuni, mtoto kalala juu yake, mkoba umekuwa mto. Foleni ya kuponi ya mkate na soda imezunguka nguzo, na kila anayeipata anashukuru kana kwamba kapewa sadaka. Ghorofa ya juu, abiria wa daraja la biashara wa ndege hiyo hiyo wanaoga maji ya moto na kujinyoosha kwenye makochi. Huko hakuna anayehubiriwa kukawia. Mtasema wale wamelipia zaidi. Sawa, lakini na huyu wa sakafuni hakupandishwa bure.

Usalama na matunzo ni mambo mawili, na sheria ilishayatenganisha. Mwaka 2010 volkano ya Iceland ilitapika majivu, anga ya nchi nyingi za Ulaya ikafungwa kwa siku kadhaa. Kama kuna udhuru usio na doa, ni huo. Hata hivyo, mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata katika janga kama hilo shirika halikuondolewa wajibu wa kuwalisha na kuwalaza abiria wake waliokwama. Majivu yalilisamehe fidia, hayakulisamehe chakula na kitanda. Ama hitilafu za kiufundi, mahakama hiyo ilishasema mwaka 2008, ikarudia 2015, kwamba kwa kawaida si dharura ya kukwepea hata hiyo fidia.

Kanuni inayosimamia hayo, namba 261 ya mwaka 2004, humlinda kila anayeruka kutoka Umoja wa Ulaya, shirika liwe la nchi yoyote. Anayetoka Amsterdam akafika Nairobi amechelewa saa nne au zaidi, bila dharura ya kweli, anastahili euro 600. Akienda Ulaya kutoka Dar es Salaam kwa shirika lisilo la Ulaya, kanuni hiyo haimhusu.

Lakini hakuachwa mikono mitupu. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unalitaka shirika lilipe hasara iliyotokana na kuchelewa, kwa ukomo unaozidi dola 8,000 kwa abiria, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua ya maana kuizuia. Hapo ndipo methali yetu inapotugharimu fedha taslimu. Hasara sharti uithibitishe, na aliyeambiwa atulie akatulia hakuomba sababu kwa maandishi, hakutunza risiti ya hoteli wala ya teksi, na pasi ya kupandia ndege aliitupa alipofika. Mzigo uliochelewa una siku 21 za kuulalamikia tangu ukabidhiwe. Kesi ina miaka miwili. Mwenye subira isiyo na karatasi huona muda wote huo ukimpita.

Wapo wanaohofu kwamba kudai ni utovu wa adabu. Mhudumu wa kaunta asitukanwe, maana hata yeye mara nyingi hajaambiwa kitu. Lakini unaweza kumwita dada, ukamsalimia vizuri, kisha ukataka chumba cha kulala. Mashirika ya ndege ni wafanyabiashara, na mfanyabiashara hupiga hesabu: maadamu kimya chetu ni rahisi kuliko hoteli, tutaendelea kulala sakafuni.