BWANA MKUBWA WA DERBYSHIRE

Katika kila jimbo la Uingereza yuko mtu mmoja mwenye cheo cha kijeshi asiye na jeshi. Huyo huitwa Lord Lieutenant, maana yake mwakilishi wa mfalme katika jimbo. Hapati mshahara. Humpokea mfalme anapozuru, hutoa nishani, huhudhuria gwaride, kisha hurudi kwake. Cheo hicho kilianza zama za Mfalme Henry wa Nane, na mwenye nacho alikuwa mkuu wa askari wa akiba wa jimbo hadi mwaka 1871, aliponyang'anywa madaraka hayo kwa sheria. Yaliyobaki ni mapambo.

Wapo wasemao kuwa mapambo ya Waingereza hayatuhusu. Sisi tunasema yanatuhusu, na shahidi wetu ni Victor Cavendish, Duke wa tisa wa Devonshire, bwana wa jumba la Chatsworth, aliyeshika cheo hicho katika Derbyshire tangu mwaka 1908 mpaka alipofariki mwaka 1938. Kabla yake alikuwa nacho baba yake mkubwa, na kabla ya huyo babu yake. Baada yake akakitwaa mwanawe. Tangu mwaka 1811 hadi 1950 makabaila watano wa ukoo huo walipokezana cheo kama watu wanaorithishana shamba. Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba wa jimbo hilo hawakuulizwa.

Tuseme haki: kura aliwahi kupigiwa. Mwaka 1891, akiwa kijana wa miaka 23, aliingia Bungeni. Lakini hata kiti hicho kilikuwa cha marehemu baba yake. Kisha akawa Gavana Mkuu wa Kanada, na mwezi Oktoba 1922 akafanywa Waziri wa Makoloni. Hapo ndipo mtu wa upanga wa sherehe alipopewa kalamu ya kuamua mambo yetu.

Mwezi Julai 1923 alitoa Waraka juu ya Kenya. Walowezi walitaka kujitawala wao juu ya migongo ya wenyeji. Wahindi walitaka kura sawa na Wazungu. Waraka ukatamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba maslahi yao yatatangulia. Maneno matamu! Walakini katika Baraza la Kutunga Sheria Wazungu walipewa viti 11, Wahindi 5, Mwarabu kimoja, na mwenye nchi hakupewa hata kimoja. Atasemewa na mmisionari. Nyanda za Juu zikabaki mali ya Wazungu. Wakati huo Harry Thuku alikuwa kizuizini Kismayu bila kufikishwa mahakamani, na damu ya waliopigwa risasi Nairobi mwezi Machi 1922 kwa kudai aachiliwe ilikuwa haijasahauliwa. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Barazani mwaka 1944.

Wanaomsifu husema aliwazuia walowezi wa Kenya. Ni kweli, aliwazuia. Lakini mwaka ule ule wa 1923, chini ya wizara ile ile, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walikabidhiwa serikali yao, na wenyeji wa huko wakaja kulipa deni hilo kwa vita hadi Zimbabwe ilipozaliwa mwaka 1980. Maslahi ya Mwafrika yalitangulia kaskazini tu?

Dunia ya mabwana hawa ni ndogo. Mkwewe, Harold Macmillan, ndiye aliyesimama Cape Town mwezi Februari 1960 kuhutubia habari za upepo wa mabadiliko. Upepo huo haukutoka Chatsworth.

Cheo cha Lord Lieutenant kipo hata leo. Mwenye nacho huteuliwa na mfalme kwa shauri la Waziri Mkuu, na hukaa mpaka atimize miaka 75. Ndugu yeyote wa hapa kwetu anayetamani tubuni vyeo vya heshima visivyopigiwa kura atujibu kwanza: mwenye cheo akipewa kalamu, ni kikao gani kitakachomwondoa?